Shangazi Yetu, Msomaji wa Virusi vya Mafua

Marehemu shangazi yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Maabara, alizaliwa tarehe 9 Juni 1981, mtoto wa pili wa marehemu babu, fundi cherehani, na bibi, mwalimu wa darasa la kwanza.

Alisoma sekondari ya bweni, na mwaka 2004 akahitimu stashahada ya maabara. Kazi yake ilikuwa kusoma vinasaba vya virusi vya mafua. Ukimuuliza mbona mafua hayaishi duniani, alijibu: "Kirusi kinajinakili kama nyinyi mnavyonakili hesabu asubuhi, mbiombio, makosa kibao. Makosa mengi yanakiua chenyewe. Lile moja linalokiwezesha kumpenya mwenye kinga, ndilo linaloenea."

Tarehe 18 Agosti 2007 alifunga ndoa na fundi wa majokofu, aliyekuja mara nne kutengeneza friza ya sampuli. Baadaye alikiri ni waya mmoja tu uliolegea.

Gonjwa la mafua lilipoingia Januari mwaka huu, shangazi aliugua akapona. Ndipo familia ikapanga kwamba aliyekwisha kupona ndiye atakayeuguza wengine, na ratiba ya zamu ikabandikwa jikoni. Tulijiona wajanja. Mwezi Mei bibi akashikwa nalo. Wiki hiyohiyo shangazi akaona kwenye sampuli kwamba kirusi kimebadilika, na waliopona wanaugua upya. Alipiga simu kutoka kazini, akasema ratiba ichanwe. Baba, kaka yake, akamuuliza, sasa mama atauguzwa na nani? Akajibu, "Wafute wote. Mimi niache."

Tukamwacha. Hatukubishana naye hata dakika moja.

Alivaa barakoa mbili, akamlisha mama yake kwa kijiko siku sita. Ya saba, homa ikampanda. Alifariki tarehe 2 Juni, saa nne asubuhi. Jana majibu ya sampuli yake yalitoka: ni kirusi kile kipya. Wenzake wanasema itasaidia chanjo ijayo. Sisi hatujui tuipeleke wapi habari hiyo. Mliokwisha kuugua, tunawaomba, msijiamini.

Ameacha mume, watoto wawili, kaka mmoja, na mama yake, aliyeko wodini, anayepata nafuu, na ambaye hajaambiwa. Leo asubuhi aliomba simu ampigie mwanawe. Hakuna aliyempa.

Mungu ampe shangazi pumziko la amani. Sisi bado hatuna.