Nyumba ya Mwalimu wa Hesabu

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti yangu imebaki ya kunong'ona na sina nguvu za kurudia neno. Na wewe kitinda mimba, uliyesimama mlangoni na simu mkononi kama mtu aliyekuja kusoma mita ya maji, ingia ukae hapa kitandani karibu na dada yako. Najua hamsemezani. Nuneni mtakavyo, mradi masikio yawe wazi.

Nimechoka. Ugonjwa huu ni wa juzi tu, lakini uchovu nilitoka nao shuleni. Miaka yote niliyokuwa mwalimu mkuu wa shule hii tunayopakana nayo ukuta kwa ukuta, nilikuwa nikipanda ngazi za ofisi ya elimu ya wilaya yetu hii ndogo, kuomba walimu, kuomba vitabu, kuomba mabati, nikikalishwa kwenye benchi la koridoni mpaka karani akanizoea, akaanza kuniita Mama Mabati. Nami nilicheka naye, kwa sababu mwombaji hucheka hata pasipochekesha.

Fundi wangu, wewe wa kati, mwaka tuliofaulu unaukumbuka, maana ulikuwa darasa la mwisho. Tulifundisha kabla ya kengele ya asubuhi, wazazi wakapokezana kupika uji, marehemu baba yenu akachonga ubao mpya kwa mikono yake, na matokeo yalipotoka, shule yetu iliongoza wilaya nzima. Tulishangilia mpaka mbuzi wa jirani akakata kamba. Mkubwa wa ofisi akaja kutupongeza, na kabla hajauachia mkono wangu akasema kwamba kwa kuwa sasa tunajiweza, fungu la shule dhaifu halituhusu tena, na mwalimu wetu wa hesabu atahamishwa akawainue wenzetu. Mwaka uliofuata tukaanguka, tena vibaya. Nikapanda ngazi zile zile, na safari hii akaniambia kwamba hawezi kumwaga fedha kwenye shule isiyoonyesha matokeo. Nikamwuliza, "Sasa bwana, tukifaulu hatuhitaji, tukifeli hatustahili, tufanye nini basi?" Akasema, "Mama, mimi nafuata mwongozo tu." Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikavua viatu, nikalala na nguo zangu.

Kiti cha mkubwa yule leo umekikalia wewe, kitinda mimba, na shule ile leo anaiongoza dada yako. Walimu wa hesabu wanakuja, wanakosa pa kulala, wanapanga chumba mjini, wananyeshewa njiani muhula mmoja, kisha wanaomba uhamisho, nawe unasaini. Dada yako anasema umemchoma kisu cha mgongo. Wewe unasema ukimpendelea ndugu yako utapoteza kazi. Nimewasikiliza wote wawili nikiwa nimefumba macho, mkidhani nimelala, na kila mmoja ana haki yake, ndiyo maana ugomvi wenu hauishi. Lakini wakati mnanuniana, shule inakufa. Matokeo yakibaki yalivyo, itafungwa, na watoto wa darasa la kwanza watavuka barabara ya malori kwenda shule ya mjini. Watakaoacha mapema ni wale wanaosoma kwa kusuasua, wale ambao mwalimu akiwapa mgongo tu wamepotea. Hilo linaniuma kuliko hiki kifua.

Sikilizeni, basi. Shamba la bondeni ni la fundi. Cherehani na vyombo vyangu vyote ni vya binti yangu. Nyumba hii msiigawe wala msiiuze. Usitazame dari, fundi, nilikuona ukipima ukuta wa nyuma kwa hatua ukidhani nasinzia. Humu ndani ataishi mwalimu wa hesabu wa shule hii, yeye na familia yake, bila kodi, na akiondoka ataingia mwingine, muda wote shule itakapokuwa hai. Mwenyekiti wa mtaa nimeshamwambia mbele ya mashahidi, kwa hiyo msijisumbue kunikunjia nyuso. Najua mlikuwa na hesabu zenu juu ya vyumba hivi. Nisameheni.

Na wewe, kitinda mimba, sijakuachia kitu, nimekuachia kazi. Tafuta mwalimu mzuri, umlete hapa kwa barua halali, mtu yeyote asikunyooshee kidole, maana nyumba ipo. Na akifaulisha, mwanangu, akifaulisha usimguse. Wakikuletea mwongozo, wabishie. Kama hujui kubishana, hukunyonya kwangu.

Nipe maji, binti yangu. Kidogo. Inatosha.

Kuna jambo moja bado. Mitihani imeanza. Mnajua desturi ya mtaa huu: mtu akifa, wanaume wanakwenda shuleni na mkokoteni, wanabeba madawati ya waombolezaji, madarasa yanafungwa, na madawati yanarudi mengine yakichechemea. Nilipojaribu kuwakatalia, waliniambia sina utu. Kwangu msithubutu. Fundi, wakija, simama getini, wewe una mwili. Wageni wakae chini, wakae juu ya matofali, wasimame. Wakisema Mama Mabati amezikwa bila heshima, waacheni waseme. Nizikeni jioni, watoto wakishakwenda kwao... mimi nina muda sasa.

Shikeni mikono. Ninyi wawili nasema... ndiyo, hivyo. Baridi hiyo itaisha. Radhi zangu mnazo, wote watatu, za maziwa na za mgongo, sina kinyongo na yeyote. Mungu awafungulie... awape watoto watakaowasikiliza kuliko mlivyonisikiliza mimi.

Kesho asubuhi ni hesabu, sivyo? Basi, kama nitakuwa nimekwenda... msipige yowe. Ukuta huu mwembamba, nawasikia hata wakichonga penseli. Fungeni dirisha... mkae kimya na mimi hapa... watoto wamalize kwanza.