Filamu Isiyo na Aina

Sinema: Haloo? Ni nani? Sema haraka, nina watu dukani.

Dada: Ni nani tena? Namba ya dada yako umeifuta?

Sinema: Aa, dada! Hapana, kioo cha simu kimepasuka, majina siyaoni. Shikamoo.

Dada: Marahaba. Hujambo, bwana wa kubipu?

Sinema: Sijambo. Kwani nimekubipu leo?

Dada: Leo hujanibipu, ndiyo maana nikashtuka. Tangu ununue hiyo simu hujampigia mtu wa nyumba hii hata siku moja. Inaita mara moja, kwi, umekata. Sisi ndio wa kupiga.

Sinema: Biashara ngumu, dada—

Dada: Biashara ngumu, na sasa hivi umesema duka limejaa watu.

[Mtandao unakwaruza.]

Dada: Unanisikia? Nimesimamisha cherehani kwa ajili yako. Baba ameoga.

Sinema: Ameoga?

Dada: Ameoga, amenyoa ndevu, amevaa shati la bluu. Amekaa mbele ya televisheni, na televisheni imezimwa. Namuuliza, baba, unatazama nini? Ananiambia, namngoja Sinema.

Sinema: Leo?

Dada: Leo ndiyo leo. Uliahidi saa tisa. Saa tisa hiyo imeshapita na watoto wake.

Sinema: Sikusahau, ila kazi imenibana. Macho yake vipi?

Dada: Tumetoka kliniki juzi. La kushoto limekwenda, hilo unalijua. La kulia daktari anasema tuhesabu wiki, tusihesabu miezi. Kwa hiyo akitaka kutazama kitu, ni sasa.

Sinema: Basi mpe simu nimwambie— hapana, ngoja. Ngoja nimchagulie kitu kizuri. Nina filamu za mapigano hapa, mpya kabisa. Kuna mzee mmoja, peke yake, anatandika genge zima kwa fimbo—

Dada: Sinema.

Sinema: Fimbo hapendi? Za vita basi.

Dada: Za vita! Umesahau baba ni mwashi? Kila nyumba ikilipuliwa anaruka kwenye kiti: "Jamani, ukuta ule mafundi wamelala njaa wiki tatu!" Hajawahi kujua nani alishinda.

Sinema: [anacheka kidogo] Kweli. Vichekesho?

Dada: Vichekesho alikuwa anacheka mama. Baba alikuwa anacheka kwa sababu mama anacheka.

Sinema: Kuna za kutisha.

Dada: Mzee giza linamfuata, wewe umletee mashetani?

Sinema: Upelelezi, je? Mtu kauawa kwenye hoteli, kila mgeni ana sababu—

Dada: Mbona unaongea kama unafukuzwa?

Sinema: Mimi? Ngoja kidogo. Karibu, msusi wangu, karibu. Ya mapenzi, ipo. Wanaoana mwishoni, ndiyo. Hapana, hafi mtu. Mbwa? Mbwa naye hafi, nakuhakikishia. Lete flashi. Haloo, dada? Samahani. Msusi wa mlango wa pili, hataki kulia siku za kazi.

Dada: Angalia unavyojua kumsikiliza mtu wa nje. Mimi sijakuomba filamu hata moja, umenitajia duka zima.

Sinema: Si umesema anataka kutazama—

Dada: Hataki filamu zako. Anataka ile ya mama.

[Mtandao unakwaruza, unatulia.]

Sinema: Ile.

Dada: Ile. Kwani ziko ngapi? Mama yuko dirishani, ana pini mdomoni, anakunja pindo la gauni la yule bibi harusi mnene. Wewe unamrekodi na yeye anakufokea kwa meno yaliyofumbwa: "Ondoa kidude chako hicho usoni kwangu, nitakushona mdomo." Halafu anacheka, anashindwa kucheka kwa sababu ya pini. Dakika ishirini na mbili. Picha za mama tunazo, Sinema, lakini mama anayesema tunaye huyo mmoja tu.

Sinema: Najua.

Dada: Simu yako ikafa, nikalia kama mtoto, ukaniambia: dada, tulia, mama nilishamhamishia kwenye kompyuta ya dukani, kompyuta haisahau. Ukalisema hilo mbele ya watu waliokuja kutupa pole. Baba akakushika kichwa.

Sinema: Najua, dada, najua, usinikumbushe.

Dada: Basi ilete.

Sinema: Unajua tatizo ni... televisheni ya baba ni ya zamani. Faili za aina ile haizisomi.

Dada: Wiki iliyopita ulisema bado inanakiliwa.

Sinema: Ilikuwa inanakiliwa.

Dada: Na wiki ya kabla yake flashi ilikuwa imejaa. Imejaa nini? Flashi zote za mtaa huu wewe ndiye unayezijaza!

Sinema: Dada, baba anaona kwa kiasi gani?

Dada: Kama mtu anayechungulia kwenye pazia. Umbo analiona. Rangi anaiona. Uso mpaka ausogelee. Kwa nini?

Sinema: Akiwa pale kwenye kiti chake... hawezi kuona uso.

Dada: Kwa nini unauliza?

Sinema: Nawaza tu. Kuna filamu moja, ya maisha. Mwanzoni kuna mama anashona, karibu nusu saa hivi, amegeuka mgongo, kitambaa cha kichwa amefunga kama mama. Na wewe sauti yako watu wote wanasema ni ya mama. Sasa kama ungekaa nyuma ya kiti, sauti ya televisheni ukaipunguza—

Dada: Rudia.

Sinema: Haloo? Mtandao—

Dada: Mtandao mzima. Rudia ulichosema.

Sinema: Siwezi kurudia.

Dada: Umemfanya nini mama yangu?

Sinema: Dada—

Dada: Umemfanya nini?

Sinema: Nimemfuta.

[Kwa mbali, upande wa Dada, feni inazunguka.]

Sinema: Dada, upo?

Dada: Sema yote. Usinikatie vipande.

Sinema: Kila Jumatatu asubuhi nasafisha kompyuta. Sheria ya mwenye duka ni moja: kila filamu ikae kwenye folda yake. Mapigano humu, mapenzi humu, vichekesho humu, katuni za watoto humu. Kilichobaki nje ya folda ni takataka. Nakizoa chote kwa mkupuo, nafuta, sisomi hata majina. Siku hiyo ilikuja tamthilia mpya, sehemu sitini, wateja wamepanga foleni mpaka nje, na nafasi hakuna. Nikazoa.

Dada: Na mama ulikuwa umemweka wapi?

Sinema: Nje.

Dada: Nje.

Sinema: Nilijaribu, dada! Siku ile namhamisha nilizipitia folda zote. Nikasema nimweke kwenye vichekesho, nikaona hapana, mama yangu si wa kuchekesha watu. Mapenzi, nikaona haya. Za maisha... folda ya maisha naijua filamu kwa filamu. Humo kila mama anakufa mwishoni. Nikashindwa kumtia humo. Nikasema akae nje kidogo, nitamtengenezea ya kwake.

Dada: Hukumtengenezea.

Sinema: Ni kubofya mara mbili. Kubofya mara mbili na kuandika herufi nne. Kila siku nilikuwa nasema kesho.

Dada: Lini hiyo?

Sinema: Jumatatu ijayo inatimiza wiki saba.

Dada: Wiki saba. Ukaja hapa ukala chakula changu ukatuambia inanakiliwa.

Sinema: Nilikuwa nimempelekea fundi kompyuta! Nilikwenda kwa watatu. Kila mmoja anasema vilevile: kilichofutwa huwa kinapatikana, lakini hapo pameshawekwa kitu kingine. Ile tamthilia, dada. Sehemu sitini zimelala juu ya mama.

[Upande wa Dada, mtu anapenga kamasi.]

Sinema: Nitukane.

Dada: Mimi nina mwezi mzima naiwinda sauti yake. Nikiwa peke yangu chumbani najaribu kusema "nitakushona mdomo," haitoki kama yake. Nikajipa moyo, si kitu, Sinema ataileta. Sikuwa nangoja kwa ajili ya baba tu. Ulijua hilo?

Sinema: Sikujua.

Dada: Na mimi ndiye uliyetaka nikae nyuma ya kiti nimwigize.

Sinema: Naomba unisamehe hilo kwanza. Hayo mengine baadaye.

Dada: Sasa huyu mzee nimwambie nini?

Sinema: Mwambie umeme umekatika.

Dada: Feni inazunguka juu ya kichwa chake, naisikia mpaka huku chumbani.

Sinema: Mwambie naumwa.

Dada: Atakuja kukutazama. Atapapasa kuta mpaka afike. Kuta nyingi za mtaa huu kajenga yeye, hawezi kupotea.

Sinema: Basi mwambie ukweli, dada. Wewe unajua kusema naye.

Dada: Nani kafuta?

Sinema: Mimi.

Dada: Nani atasema?

Sinema: Dada, nakuomba, nakupigia magoti hapa hapa dukani, msusi ananitazama. Wewe nipige, nifukuze, niite jina lolote. Ila baba... sauti ya baba akinyamaza siiwezi.

Dada: Utaiweza. Ameshasikia jina lako, huyu hapa anakuja na mkono ukutani. Salio langu limebaki dakika moja, wameshanionya. Itumie vizuri.

Sinema: Usimpe! Dada, usi—

Baba: Sinema?

Sinema: ...Shikamoo, baba.

Baba: Marahaba, mwanangu. Mbona sauti imekuwa nyembamba? Umekula?

Sinema: Nimekula.

Baba: Sikiliza, nimekaa hapa nikawaza. Kwenye hiyo filamu pana mahali anacheka na pini mdomoni, halafu anafunika kwa mkono. Pale unaweza kusimamisha? Isitembee?

Sinema: Kusimamisha inawezekana, baba, lakini—

Baba: Basi pale utasimamisha. Nataka nisogeze kiti, nimtazame taratibu mpaka nitosheke. Hata jicho likienda baadaye, liende. Nimevaa shati alilonishonea, asije akanikuta ovyo.

Sinema: Baba, ile filamu, mimi—

[Mlio. Salio la Dada limekwisha. Simu imekatika.]

[Muda unapita.]

[Simu inaita upande wa pili. Inaita mara moja. Mara mbili. Mara tatu. Haikatwi.]

Baba: Haloo? Ni nani?

Sinema: Ni mimi, baba.

Baba: Nani?

Sinema: Sinema. Nimepiga mwenyewe.

Baba: He! Binti yangu, njoo usikie maajabu, Sinema amepiga na hajakata! Mbona unalia? Huyu dada yako analia nini?

Sinema: Baba, umekaa?

Baba: Nimekaa.

Sinema: Filamu ya mama haipo. Si televisheni, si flashi, nilikuwa nadanganya. Niliifuta kwa mkono wangu mwenyewe nikisafisha kompyuta ya watu, na hairudi. Nimekaa nalo wiki saba nikiogopa kukwambia.

[Feni. Pumzi ya mzee.]

Sinema: Baba?

[Kimya.]

Sinema: Baba, sema chochote.

Baba: Hili jicho nilikuwa nalitunzia hiyo. Jana nimekataa kutazama hata mpira, nisilichoshe.

Sinema: [analia] Nisamehe, baba.

Baba: Kusamehe kutakuja, sijui lini. Leo sinako. Una salio kiasi gani?

Sinema: Nimenunua vocha kwa yote niliyokuwa nayo mfukoni.

Baba: Basi usilimalize kwa kulia. Wewe ndiye uliyekuwa nyuma ya simu, hakuna mwingine aliyemtazama dakika zote hizo, sisi ulituonyesha vipande tu. Ulisimama wapi?

Sinema: Mlangoni.

Baba: Yeye?

Sinema: Dirishani, kwenye kigoda. Jua linamwingia upande wa... upande wa kulia. Gauni liko magotini, jeupe. Ana sindano mdomoni.

Baba: Sindano?

Sinema: Pini, baba. Pini tatu.

Baba: Tatu. Usinirukie kitu. Dada yako anasogeza kiti, ngoja akae.

Sinema: Nangoja.

Baba: Amekaa. Haya, anza tena. Mlangoni.