Sura Ambayo Gervas Silima Hakuifuta

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani zetu wa Ng'ambo na ndugu zetu mliotoka Bububu, mimi ni Winifrida, binti wa kwanza wa marehemu, na familia imenisimamisha mbele yenu nisome maisha ya baba yetu, Gervas Silima.

Alizaliwa Kikwajuni tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa pili wa seremala Silima na Bi Anjelina, akasoma hapa mjini hadi mwaka 1970, akafundisha Mangapwani miaka saba, kisha tarehe 2 Januari 1978 akaajiriwa karani wa kanisa, na kuanzia 1991 akawa Katibu hadi alipostaafu mwaka 2016. Alifunga ndoa na mama yetu, Agneta, tarehe 8 Septemba 1979, wakajaaliwa watoto watatu. Aliandika vitabu vinne vya sala, ambavyo wengi wenu mnavyo majumbani.

Cha tano hamna, na hapo ndipo ninapokwama.

Kilihusu misiba. Sura yake ya mwisho ilieleza siku bibi yetu alipofariki, mwaka 1988, na dada yake Baba, Bi Khairiya, aliyesilimu alipoolewa Bububu, akaja kumwosha mama yake, baadhi ya waumini wakamzuia mlangoni, Baba akatoka, akamshika mkono, akamwingiza ndani.

Alikipeleka kwenye kamati ya vitabu mwaka 2009, kamati ikasema sura hiyo inawachanganya waumini, iondolewe. Akakataa. Kitabu kikaahirishwa, kikaahirishwa tena, mwaka hadi mwaka, na hadi alipostaafu, muhtasari wa kila kikao kilichokiahirisha aliuandika yeye mwenyewe, maana ndiye aliyekuwa Katibu.

Nilimwambia, "Baba, muhuri unao mezani kwako. Si ukipeleke mwenyewe kikapigwe chapa?"

"Mwanangu, nikijipitishia changu, cha mwenzangu nitakizuia kwa uso gani?"

"Basi ifute hiyo sura!"

"Nimfute dada yangu?" akaniuliza, akaendelea kumenya muhogo.

Nilikasirika siku ile, na leo pia, mbele ya jeneza lake, nashindwa kuielewa subira ile.

Figo zilianza kumsumbua Februari 2023, akawa wa kulazwa na kutoka, hadi alfajiri ya Alhamisi, tarehe 19 Juni 2025, alipotutoka, mkono wake ukiwa mkononi mwa Mama. Kesho yake mjumbe mmoja wa kamati akanipigia simu, akasema kitabu kimepita, chote, bila kuondolewa neno. Nikamwuliza ni kitu gani kilichobadilika.

"Hakuna, dada," akasema. "Safari hii tumekisoma."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani ambao milango yao haikufungwa tangu Alhamisi, wafanyakazi wenzake, na akina mama wa Bububu waliotupikia msiba mzima. Wewe, Baba, pumzika kwa amani, umeistahili. Sisi uliotuacha bado tuna hasira, na kitabu tutakichapa nazo hivyo hivyo.