Sogeeni Mbele: Maisha ya Kaka Yetu Honi

Ndugu, jamaa, marafiki na majirani, sogeeni. Mliokaa viti vya nyuma, hameni. Mliosimama kule ukutani, njooni nanyi, nafasi ipo. Maikrofoni hii haijaharibika, nimeizima mwenyewe. Mimi ni dada mdogo wa marehemu, na wengi mnaijua kazi yangu: nafunga vipaza sauti kwenye shughuli za watu. Maisha yangu yote nimekula kwa kuhakikisha wa nyuma anasikia kama wa mbele. Kaka yangu aliagiza wasifu wake usomwe kwa mdomo mtupu. Nilimkatalia, naye akakataa kukataliwa. Kwa hiyo sogeeni, maana sitarudia.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1970, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa baba yetu, dereva wa lori, na mama yetu, mpishi wa shule ya bweni. Mama anasimulia kwamba kichanga kile kililia mpaka wodi ya wanaume, iliyokuwa ng'ambo ya uwanja, ikatuma mtu kuuliza kulikoni. Baba alipofika na kumsikia kabla ya kumwona, alisema, "Hii ni honi." Jina rasmi alipewa, lakini lilibaki kwenye vyeti. Kwa kila mtu aliyempenda, na kwa wachache waliomchoka, alikuwa Honi.

Alianza shule mwaka 1977 na kumaliza kidato cha nne mwaka 1988. Hesabu zilimshinda hadharani. Ila kengele ya shule ilipopasuka, mwalimu mkuu hakujisumbua kununua nyingine. Alimsimamisha Honi kwenye ngazi za ofisi, naye kila kipindi kilipokwisha alitangaza, "Kimeisha!" Wakabadilisha madarasa wanafunzi wa shule yetu, pamoja na wa shule ya jirani. Huko walikuwa na kengele yao nzima kabisa, lakini walisema hii yetu inaeleweka zaidi.

Mwaka 1989 aliajiriwa kwenye duka la dobi nyuma ya soko. Alianzia kaunta, akapokea nguo na kuwatania wenye nguo, kisha akapelekwa kwenye meza ya pasi. Hapo ndipo alipojifunza somo alilolitumia maisha yake yote. Mzee aliyemfundisha alimwambia shati haliaminiki mpaka umalizane na kola, kwa sababu kola ndiyo ngumu na ndiyo inayoonekana. Mtu akianzia mgongoni, amejidanganya kuwa anafanya kazi. Kola kwanza. Nyumbani tulilisikia neno hilo tukalichoka. Kulipa kodi ya nyumba: kola kwanza. Kumwomba mtu radhi: kola kwanza.

Chumba cha pili kutoka kwa dobi alikaa fundi cherehani, dada mmoja mkimya, mikono haitulii. Mtaa mzima ukicheka, yeye alikuwa anashona tu. Honi hakulala kwa hilo. Siku moja alimfuata na kumuuliza, "Dada, mimi nakuchekesha na hucheki. Tatizo ni nini?" Akajibiwa bila cherehani kusimama: "Huchekeshi, unapiga kelele. Watu wanacheka ili unyamaze." Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1996. Marehemu alieleza kwamba mtu mwenye ukweli wa aina hiyo ni salama zaidi ukiishi naye ndani kuliko ukimwacha nje azungumze na watu. Mungu aliwajalia binti na mwana.

Mwaka 2001 aliacha kazi na kuanza kuchekesha kwa kulipwa, kwenye kumbi, kwenye harusi, mpaka kwenye mikutano ya vyama vya ushirika. Mimi nilimfungia mitambo, ingawa kwa sauti ile mitambo ilikuwa mapambo tu. Alijulikana. Picha yake ilibandikwa mpaka kwenye milango ya saluni. Lakini kila aliporudi nyumbani alimuuliza mkewe, "Leo je?" Naye wifi yangu, ambaye hajui kudanganya hata mgonjwa, alijibu, "Leo ulikuwa na kelele nzuri." Jambo hilo lilimkaa kooni miaka ishirini.

Na kweli lilikuwa koo. Mwishoni mwa mwaka 2020 sauti ilianza kukwaruza, na Machi 2021 madaktari wa hospitali ya rufaa walimwambia ni saratani ya zoloto, yaani kisanduku cha sauti. Upasuaji ungeweza kumwokoa, ila sauti isingebaki. Mimi nilikuwepo chumbani. Kaka aliuliza, "Nitaongea?" Daktari akasema, "Utanong'ona." Honi akamgeukia mkewe. "Mama watoto, umeshinda." Wifi alilia. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona analia. Akiwa bado anajifuta machozi akamwambia, "Sijashinda. Sasa ndiyo utaanza kuchekesha."

Watu walimshauri apumzike, afungue duka, auze vinywaji. Alikataa katakata. Miezi minane alikaa jikoni akimnong'oneza mkewe vichekesho huku vyombo vikioshwa. Alichokuwa akikipata kwa mapafu sasa alikitafuta kwa maneno. Neno lililokuwa halifanyi kazi lilitolewa. Alijifunza mahali pa kunyamaza. Sentensi moja aliweza kuishona na kuifumua wiki nzima, mpaka wifi akasema ameolewa na fundi mwenzake.

Novemba 2021 alipanda jukwaani tena, na ilikuwa aibu. Mimi, kwa upendo na ujinga, nilifungua maikrofoni mpaka mwisho. Ukumbi ukasikia pumzi zake, si maneno. Spika zikapiga mluzi. Mtu akapaza sauti, "Ongeza sauti, bwana!" Wengine wakaanza kuondoka. Nilitaka kukata umeme tusingizie umekatika. Honi akaweka maikrofoni sakafuni, akanipa ishara nizime kila kitu, feni pia. Akateremka mpaka safu ya kwanza, akaita kwa mkono: sogeeni. Walipokwisha kujazana mbele kama watu wanaotazama ajali, akanong'ona, "Kola kwanza: sauti imekufa. Mimi bado. Msiba tutaufanya kwa awamu."

Ukimya ulikuwa mrefu. Kisha ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Mwisho kabisa wa ukumbi, karibu na mlango, mwanamke mmoja ambaye hakusogea, na bado alisikia, aliinama kwenye kiti chake akicheka mpaka kilemba kikamtoka. Alikuwa wifi yangu. Njia nzima kurudi nyumbani kaka hakumuuliza, "Leo je?" Hakuhitaji.

Mnaokumbuka mazungumzo yake ya redioni ya Mei 2023 mnajua kwamba mtangazaji alipanga dakika kumi, wakaongea mpaka taarifa ya habari ikasubiri. Aliulizwa kama hakuogopa kuacha kazi akiwa na watoto wawili. Akasema, "Niliogopa. Lakini kwa dobi pia niliogopa, nisije nikaunguza suti ya bwana harusi. Nikaona kama woga ni uleule, niende nao panapochekwa." Akaulizwa kuhusu vijana wanaochekesha kwenye simu kwa sekunde ishirini. Akasema anawaonea wivu, maana yeye sekunde ishirini bado anatafuta miwani. Ila akawaasa wasiogope kazi ndefu: "Kinachokupa jina ni kitu kimoja. Kinachokufanya fundi ni kukirudia siku ambayo hakuna anayetazama."

Halafu mtangazaji akamuuliza, "Na imani je? Unaamini?" Honi akamsimulia habari za Mama na mieleka ya kwenye televisheni. Mama anajua fika kwamba wale wanaigiza. Anaweza kukuambia nani ataanguka na lini. Lakini refa akimwonea mtu wake, kandambili inatoka mguuni na kuruka. "Hiyo ndiyo imani," alisema kaka yangu. "Anajua, halafu anarusha kandambili." Mtangazaji akacheka, kisha akambana: "Na ukiomba, pakawa kimya?" Akajibu polepole, kwa ule mnong'ono wake: "Ndugu yangu, mimi siku hizi nikisema kitu, watu hunyamaza kwanza. Zamani ningedhani nimeshindwa. Sasa najua kimya kingine ni mtu anasikiliza."

Mapema mwaka huu wa 2024 ugonjwa ulirudi, na safari hii haukuja kuzungumza. Alilazwa miezi miwili. Kila aliyemtembelea alimwambia, "Pumzika, Honi, pumzika." Siku ya kuruhusiwa alinivuta karibu na kunipa agizo: "Kwenye mazishi yangu mtu asithubutu kuniambia nipumzike. Nimepumzika miezi miwili hapa, nimechoka." Alirudi nyumbani kwa sababu alitaka, na alikaa sebuleni kwa sababu ndiko kuna watu.

Jioni ya Ijumaa tarehe 16 Agosti alikuwa amelala kwenye kochi, kichwa mapajani mwa mkewe, na Mama pembeni wakitazama mieleka. Refa akaboronga. Mama, kwa kumwonea huruma mgonjwa, akajizuia. Kaka akafumbua macho, akanong'ona, "Mama, tupa." Mama akatupa. Kaka akatabasamu. Asubuhi ya Jumamosi tarehe 17, jua likiwa limeshaingia sebuleni, alifariki dunia akiwa na miaka 54.

Ameacha mama yake mzazi, mke wake mpenzi, binti mmoja, mwana mmoja, wajukuu watatu, wawili kati yao wakiwa na ile sauti, na mimi mdogo wake. Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari, wauguzi na nyote mliokuja, na hasa mliokubali kusogea.

Kaka, tunajua. Tumeliona kochi tupu, tumeliona jeneza, hakuna anayejidanganya hapa. Hata hivyo naongea nawe, kwa sababu mimi ni mtoto wa mama yuleyule. Kupumzika hutaki, basi usipumzike. Amani ichukue, umeitolea jasho. Nimekusomea bila maikrofoni kama ulivyotaka, na wa nyuma wamesikia, maana hakuna tena wa nyuma. Umenyamaza, nasi hatutakudhania vibaya. Tutasema unasikiliza.