Mzee Mafuta na Ubeti Uliofutwa Jikoni

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuzihudumia cherehani za kiwanda chetu, fundi mkuu anastaafu tarehe 30 Juni. Sote tunamwita Mzee Mafuta, maana ukimpa mkono lazima ukatafute kitambaa.

Alianza kama kibarua wa kufagia vipande vya nguo, akajifunza ufundi kwa kuchungulia. Mashine ikigoma, huiinamia na kuitegea sikio. Zamu haiishi kabla haijashona.

Mbali na ufundi, ndiye aliyeanzisha kikundi cha washairi kinachokutana mapumziko ya mchana, katika stoo ya vitambaa. Sharti alilitunga mwenyewe: ukishasoma, funga mdomo usikilize wenzako. Sharti hilohilo lilikuja kumuumbua.

Siku moja alileta shairi kuhusu mkewe, mpishi wa kantini yetu: anavyokoroma, anavyokwama kwenye maneno marefu akisoma gazeti kwa sauti. Tulicheka hadi tukashika mbavu. Mkaguzi wa mishono peke yake hakucheka.

"Vina vimekaa, mizani imekaa," alisema. "Ila wifi yangu simwoni humu. Namwona mtu wa kuchekwa tu."

Mzee alitaka kujitetea, akalikumbuka sharti lake. Tulipogeuka, mkewe alikuwa mlangoni na birika la chai. Alikuwa amesikia yote. Alitumiminia sote, mumewe pia, akaondoka.

Wiki nzima Mzee hakukanyaga kantini. Alikula mkate mkavu nyuma ya mashine, na akipita uani alizunguka mbali na dirisha la jikoni. Baadaye alitueleza kilichomkaba: mkewe alijifunza kusoma ukubwani, kwa siri, na mtu pekee aliyethubutu kumsomea ni yeye mumewe. Siri hiyo ndiyo aliyotugawia tuchekee.

Aliporudi kikundini, alikuja mikono mitupu.

"Dada, nifanyeje mtu aonekane ndani ya shairi?" alimuuliza mkaguzi, macho chini.

"Kaanze kwa kumuuliza mwenyewe."

Alikwenda. Aliomba radhi akiwa amesimama katikati ya masufuria, wapishi wengine wakisikia, kisha akamsomea shairi aliloliandika upya, akimuuliza libaki lipi. Mkewe alimkatiza mara mbili. Mwishowe akaichukua kalamu.

"La kukoroma liache, ni kweli," alimwambia. "La kusoma ni langu." Akaufuta ubeti huo kwa mstari.

Tangu hapo hakuna anayeleta kikundini shairi la mtu aliye hai kabla mwenyewe hajalisikia. Nasi tuliocheka bado hatujui pa kuweka macho mama huyo anapotupakulia.

Mwaka jana alikuja stoo na shairi lake, kuhusu gazeti. Alisoma polepole, akakwama, akaendelea. Mumewe alikaa nyuma kabisa, ameinamisha kichwa, akisikiliza.

Mzee wetu, ahsante kwa mashine na kwa kikundi. Tunawatakia nyote wawili maisha mema, na muda tele wa kusomeana.