Mama Zima-Taa na Nyekundu Isiyokaa

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mkuu wa maabara yetu ya fuwele anastaafu rasmi tarehe 30 mwezi huu. Jina lake kamili lipo mlangoni kwake. Sisi tunamwita Mama Zima-Taa, na anaitika.

Alianza kama mkemia msaidizi katika chumba kilichokuwa stoo ya viti vibovu. Humo ndimo alimotengeneza fuwele zake zinazong'aa gizani. Zina vitundu vidogo mno, na kinachoingizwa humo ndicho kinachoamua rangi ya mwanga. Yeye huviita vyumba vya kupanga: badilisha mpangaji, rangi nayo inabadilika. Siku mwenzetu mmoja alipozikausha fuwele hizo kwa joto kali hadi mwanga wote ukapotea, tulijua leo atawaka. Alicheka mpaka akashika mbavu, akasema bwana huyu amewafukuza wapangaji bila notisi. Bwana huyo leo ni naibu wake, na bado anataniwa.

Vibao vyake vya fuwele za kijani vimebandikwa kwenye ngazi za hospitali ya jirani. Umeme ukikatika, wauguzi wanashuka bila kupapasa ukuta.

Sheria yake haina mjadala: hakuna kupima mwanga kwa macho yaliyotoka juani. Unakaa gizani hadi macho yazoee, kisha kila mtu anasema alichokiona, si alichotamani kukiona. Hata wakurugenzi walikalishwa. Mmoja alisinzia, akakoroma, na Mama akaagiza aachwe apumzike.

Kitu kimoja tu kilimkwepa: nyekundu. Kijani hudumu, njano hudumu, nyekundu huzimika mara moja. Aliapa haondoki kabla haijakaa. Lakini mwaka huu mtoto wa jicho amemvamia macho yote mawili, mwanga hafifu hauoni tena, ikabidi sisi tuwe macho yake.

Wiki iliyopita tulijaribu fuwele zake za mwisho. Tulikaa gizani, kisanduku cha fuwele kikafunguliwa, akatuuliza tumeona nini. Jamani, swali lile lilituuma. Nyekundu ilitokea, ikapepesa, ikazimika. Tunampenda mama huyu, na uongo mdogo tu ungemrudisha nyumbani na furaha yake. Naibu wake ndiye aliyemwambia kwamba imezimika. Mama alitushukuru mmoja mmoja, akasema sasa anaweza kuondoka bila wasiwasi. Halafu akaomba kitambaa, maana kamasi nazo hazina adabu.

Mama, asante kwa kazi, kwa utani, na kwa kutukalisha gizani. Mwezi ujao unafanyiwa upasuaji wa macho. Tunakuombea upone upesi, na maisha yako mapya yawe ya afya, wajukuu na usingizi mrefu wa asubuhi. Nyekundu tunaendelea nayo. Siku itakapokaa tutakuita, tutazima taa, na safari hiyo wewe ndiye utakayetuambia umeona nini.