Sifuri ya Bibi wa Kintinku

Shikamooni wazee wangu. Asanteni. Mabibi mliokaa dirishani, shikamooni nanyi. Nitawasalimu mpaka mchoke, maana salamu niliyoiruka ndiyo iliyonileta mbele yenu. Vijana, mambo? Mniwie radhi nikitembeatembea huku nikiongea, kukaa chini bado kunanishinda.

Mimi ni mtafiti wa ubongo na magonjwa ya akili. Ndiyo, mgonjwa mwenzenu katika kikundi hiki ndiye aliyekuwa akiandika kuhusu wagonjwa. Chekeni tu. Kwenye kazi yangu, mtu ni orodha ya makala alizochapisha. Mkikutana, mwenzako hakuulizi kama watoto hawajambo, anauliza mwaka huu umetoa ngapi. Yangu ilikuwa ndefu, na kila ilipoongezeka niliiona fupi.

Makala iliyonipandisha cheo ilihusu kumbukumbu za wazee wa vijijini. Tulikwenda Kintinku. Kipimo chenyewe ni chepesi: unamsomea mzee maneno matatu, mnaongea mengine, kisha unamwomba ayataje. Muda ulikuwa unatuishia, nikawaambia wasaidizi wangu, "Salamu ndefu hapana. Habari, maswali, nyumba inayofuata." Mimi huyu, niliyezaliwa Unyambwa, niliyechapwa na mama kwa kumpita mzee bila kumwamkia! Wazee wengi walikaa kimya. Tukaandika sifuri, sifuri, sifuri. Nikachapisha kwamba kumbukumbu zao zimechakaa. Nikapongezwa.

Haraka haraka haina baraka, tunasema kila siku, na mimi nilikuwa nasema. Lakini nikaanzisha makala tatu kwa mpigo. Usingizi ukaniacha, chakula nikakisahau, maneno yakawa yananitoka kama maji ya bomba lililopasuka. Asubuhi moja Singida Mjini nilipanda bodaboda, nikaanza kumsomea dereva vichwa vya makala zangu, kimoja baada ya kingine. Akasimamisha pikipiki.

"Dada, kwani tunaenda wapi?"

Sikujua. Nikalia palepale barabarani. Yule kaka aliniuliza maswali mpaka akapata jina la dada yangu, akanipeleka kwake, na dada akanipeleka hospitali.

Wodini akaja nesi mdogo. Hakuniamkia; alikuwa na wagonjwa wengi, maskini. Akanisomea maneno matatu, akauliza mambo mengine, kisha akasema, "Haya, yataje." Kipimo changu mwenyewe! Na niliyakumbuka yote. Lakini hasira ilinipanda: binti wa umri wa mwanangu, hata shikamoo hakuna? Nikafunga mdomo. Nikauona mkono wake ukichora duara la sifuri kwenye karatasi. Ndugu zangu, nawaambia ukweli. Niliwaona wazee wote wa Kintinku.

Nilipopata nafuu nilikwenda kule kwa bibi mmoja, mmojawapo wa wale wa sifuri. Nilipiga magoti, nikamwamkia. Tukaulizana habari za mvua, za mifugo, za waliotutoka. Ndipo nikamwomba radhi.

"Yule kijana wako alikalia kigoda changu kabla sijamkaribisha," akasema. "Ananiambia mtungi, kamba, mbuzi. Nimjibu, yeye nani?"

Ilikuwa imepita miaka miwili.

Nikaamua kuiondoa makala ile ya Kintinku. Mwenzangu niliyeiandika naye akanipigia simu. "Huo ni ugonjwa unaoongea. Subiri upone kwanza." Maneno hayo yaliniuma kuliko wodi, kwa sababu sikuwa na uhakika kwamba anakosea. Nilizunguka uani kwa dada kutwa nzima, mpaka kuku wakanikimbia. Nikaenda kumuuliza daktari wangu. Akasema, "Dawa unakunywa, usingizi unapata. Sasa niambie, bibi aliyataja au hakuyataja?"

Aliyataja. Nikaandika barua ya kuiondoa.

Leo ukitafuta jina langu mtandaoni, cha kwanza kutokea ni makala ile, na juu yake neno IMEONDOLEWA. Kazini cheo changu bado kinajadiliwa. Kuna asubuhi natamani ningenyamaza, siwadanganyi. Halafu namkumbuka bibi na kigoda chake.

Namshukuru dada yangu, aliyenificha kompyuta akanipa uji. Kaka wa bodaboda hakutaka hata nauli. Popote ulipo, Mungu akuone. Na ninyi mlionivumilia Jumamosi zote nilipokuwa nazunguka ukumbi huu bila kusema neno, asanteni sana, hakuna hata mmoja aliyeniambia kaa chini. Fundisho langu ni dogo. Mtu akinyamaza mbele yako, usikimbilie kuandika kwamba hana kitu. Jiulize kwanza uliingiaje kwake.

Nesi, nimekuona umekaa pale mlangoni. Leo wewe ndiye uliyeniamkia wa kwanza, basi nayataja. Daraja. Chungwa. Jembe.

Andika, mwanangu.